Mheshimiwa Asitoke Kabla ya Saa Mbili

Kwa miaka kumi na tisa nimelala na mume wangu mpaka saa kumi alfajiri tu. Baada ya hapo nabaki na blanketi. Ukisikia hivyo unaweza kufikiri nagawana mume na mwanamke mwingine, na hutakuwa umekosea sana, ila ninayegawana naye ana miguu minne. Khamala ni saisi, yaani mtu wa kutunza farasi. Alifundishwa kazi hiyo na masaisi wa zamani kwenye uwanja wa mbio, hapo ng'ambo ya Kibera, na wazee wale walikuwa na sheria moja: jua likichomoza limkute farasi nje. Likimkuta bandani, saisi wake ni mvivu, na wenzake watamcheka mpaka astaafu.

Mimi ni Kageha, mama yake Valary. Nashona mapazia kwenye kibanda changu Soweto East, hapa Kibera, chini ya yale maghorofa ya serikali, ingawa kulala tunalala Soweto West. Nina hasira za karibu. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari.

Farasi ninayemsema ni mweupe, mrefu, mwenye kope kama za mtangazaji wa televisheni. Alizaliwa Molo kwenye baridi na upepo, akakimbia mbio misimu mitano bila kushinda kitu cha maana, halafu akanunuliwa na Mzee Muiruri, mwenye ploti kule mtaa wa Kongo, Kawangware. Muiruri alitaka kumkodisha kwa maharusi. Alimpa jina la Mheshimiwa, akamjengea banda la mabati nyuma ya vyumba vya wapangaji, karibu na kijito, kando ya rundo la samadi ambayo wakulima wa sukuma wiki huja kuchota. Farasi alipohama uwanja wa mbio, Khamala alihama naye. Alisema hawezi kumwachia mtu mwingine mnyama ambaye alimfundisha kufungwa kamba.

Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa sawa. Mwaka wa pili, mvua za Aprili zilipoanza, Mheshimiwa akaanza kujikuna. Alijikuna shingo kwenye nguzo, alijikuna matako ukutani, alijikuna tumbo kwenye ukingo wa pipa la maji. Singa zote za shingoni zikaisha. Mkia uliokuwa ukifagia ardhi ukabaki kama brashi ya choo iliyotumika na wapangaji kumi na wawili. Ngozi ilipasuka, ikatoa damu, ikaota magamba mazito. Wapangaji wakaanza kunong'ona kwamba farasi ana upele na ataambukiza watoto.

Kilichovunja kabisa subira ya Muiruri ni harusi moja pale Kawangware. Bibi harusi alikuwa ameketi juu ya Mheshimiwa kwa ajili ya picha, gauni limetandazwa vizuri, mpiga picha anasema tabasamu. Mheshimiwa akaona mlingoti wa hema. Aliuendea kwa mwendo wa heshima, akauegemezea makalio, akaanza kazi. Bibi harusi alitaka kushika singa akakuta hakuna singa. Aliteleza polepole mpaka mikononi mwa msimamizi wa bwana harusi, na hema likashuka juu ya meza ya wazee wa kanisa, sufuria za pilau zikiwa tayari zimefunuliwa. Khamala alinisimulia akiwa amejifunika uso, na mimi nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Muiruri hakucheka. Jumatatu yake alimwita Khamala akamwambia, "Wewe siku hizi unalala. Hii mnyama huoshi, huipeleki nje vizuri. Nakupea mpaka mwezi iishe. Ikikuwa bado inajikuna, nitaita daktari aidunge sindano ya mwisho, na wewe utafute kwenye utaenda."

Kwa hiyo hapo ndipo tulipokuwa. Mwezi ukiisha, Mheshimiwa afe na Khamala apoteze kazi. La kazi lilimuuma. La Mheshimiwa lilimnyima chakula.

Ukimwambia Khamala kwamba amezembea, atakuonyesha bidii mpaka umwonee huruma. Alianza kutoka nyumbani saa tisa badala ya saa kumi. Saa kumi na moja giza likiwa bado nene, Mheshimiwa alikuwa tayari kijitoni, anaogeshwa, anasuguliwa, anafungwa mahali penye nyasi laini kabisa, pale penye unyevunyevu kati ya maji na samadi. Jioni alimtoa tena mpaka giza liingie. Na kadiri alivyozidisha bidii, ndivyo farasi alivyozidi kujikuna. Wiki ya kwanza ya mwezi ikaisha na shingo ikawa nyama tupu.

Juu ya kibanda changu, ghorofa ya nne, anaishi dada mmoja wa Machakos anayeitwa Ndanu. Ni daktari wa mifugo, hasa anatibu punda wa wachuuzi wa maji. Aliniletea ovaroli yake iliyokatika zipu, nami nikamwambia zipu nitamwekea bure, lakini twende kwanza Kawangware tukamwone mgonjwa. Alikubali. Watu wa Machakos hawana maneno mengi.

Tulimkuta Mheshimiwa amefungwa pale kijitoni, jua likikaribia kuzama, Khamala kando yake anampaka mafuta ya kupikia kwenye vidonda. Ndanu alimzunguka mara mbili. Alikwaruza ngozi kidogo kwa kisu, akaweka makwaruzo kwenye kioo, akayatazama kwa hadubini ndogo aliyoitoa mkobani.

"Hakuna upele," alisema. "Hakuna mdudu ndani ya ngozi. Huyu hawezi kuambukiza mtu, hata farasi mwingine hawezi. Hii ni mzio. Aleji."

"Aleji ya nini, Daktari?" nikauliza. "Ya maharusi?"

"Ya visubi." Alinyoosha kidole kwenye tumbo la farasi. Niliinama nikaviona, vidudu vyeusi vidogo hata kichwa cha pini ni kikubwa. "Kisubi akiuma, anaacha mate kidogo kwa ngozi. Hayo mate hayana sumu. Farasi wengi wanaumwa na hawajali. Lakini huyu alikutana nayo akiwa mkubwa tayari, na mwili wake ukaamua hayo mate ni adui. Ukatengeneza kingamwili za kuyatambua, zikaenda zikakaa kwa ngozi, juu ya seli zimejaa kemikali. Sasa zinangoja. Kisubi mmoja akitema tu, zile seli zinamwaga kila kitu kwa mpigo. Histamini inatoka, ngozi inavimba, inawasha moto. Halafu zinaita seli zingine zije kusaidia, ndiyo maana hata kesho yake bado anajikuna."

"Na mbona mwaka wa kwanza alikuwa poa?" Khamala akauliza.

"Mwaka wa kwanza mwili ulikuwa unajifunza. Wa pili ndio ulijua kuchukia."

"Kwa hivyo anayemuumiza si hao wadudu," nikasema.

"Hao wanachokoza tu. Vidonda vyote vinaletwa na kinga yake mwenyewe. Kitu kidogo kinapita, kinga inachoma nyumba."

Khamala aligeuza kichwa polepole akaniangalia. Ndanu naye, ambaye sikuwa nimemwambia lolote kuhusu maisha yangu, akaniangalia. Hata Mheshimiwa aliinua kichwa.

"Mnaniangalia nini?" nikasema.

Ndanu alimdunga farasi sindano ya kutuliza ngozi, akasema hiyo ni ya siku chache tu. Dawa yenyewe ni kumweka mbali na visubi, kwa sababu mwili ukishajifunza chuki ya namna hiyo hausahau. Kisha akauliza swali alilouliza kama mtu anayejaza fomu. "Huwa anatoka nje saa ngapi?"

Khamala alijinyoosha. Hilo ndilo swali aliloishi akilingoja. "Saa kumi na moja asubuhi, Daktari. Wakati mwingine hata kabla. Jua halijawahi kumpata ndani, tangu nimshike. Na jioni namtoa tena, saa kumi na moja mpaka giza."

"Hapa? Kando ya maji?"

"Hapa hapa. Nyasi yake ni nzuri."

Ndanu alifunga mkoba wake polepole kuliko mkoba unavyohitaji. "Visubi wanazaliwa kwa matope na samadi," akasema. "Na wanatoka kula alfajiri na jioni. Jua likiwaka wanajificha."

Nilimwona mume wangu akielewa. Haikuchukua muda. Brashi ilikuwa bado mkononi mwake, na aliitazama kana kwamba hajui ilifikaje pale.

Usiku huo nyumbani alikaa kitandani ameshika kiatu kimoja. Hakuvua cha pili. "Nilikuwa nampeleka, Mama Valary," alisema. "Kila siku. Yeye alikuwa anakataa, anavuta kamba kurudi ndani, na mimi namwambia acha uvivu. Nilikuwa namshika nampeleka kwao."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya maneno kuhusu hiyo saa kumi ya alfajiri. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, mengine kwa Kimaragoli ili yaume zaidi. Lakini nilimhurumia, nikayarudisha yote. Nilimvua kiatu cha pili, nikampa chai.

Maagizo ya Ndanu yalikuwa rahisi kusema. Farasi aingie bandani saa kumi jioni, asitoke kabla ya saa mbili asubuhi. Apigwe na feni, maana kisubi hana nguvu ya kuruka kwenye upepo. Samadi ihamishwe upande wa pili wa ploti. Na avalishwe nguo ya neti kuanzia masikioni mpaka mkiani, lakini isiwe neti ya mbu ya kawaida, kwa sababu matundu yake kisubi anapita bila kuinama.

Ugumu wake ulikuwa Muiruri. Yeye huamka saa kumi na moja kila siku ya Mungu, anazunguka ploti zake zote akiwa na gamubuti, zile buti za mpira, na fimbo, anakagua mifereji. Kwake mtu anayelala mpaka kupambazuke ama ni mgonjwa ama ametoka kuiba. Tulimwendea sote watatu tumweleze, na Ndanu alirudia habari za mate na kingamwili toka mwanzo.

Muiruri alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nimezaliwa hapa," akasema. "Hao wadudu wananiuma miaka hamsini na nane. Umeona nikijikuna?"

"Ndiyo maana hujikuni, mzee," Ndanu akamjibu. "Ulianza kuumwa ukiwa mtoto mchanga, mwili wako ukazoea. Huyu alikuja mkubwa kutoka kwa baridi, hakuwa anawajua."

"Kwa hivyo ni mgeni."

"Ni mgeni."

"Basi mgeni ndio huamka mapema. Itoke nje saa kumi na moja, vile tumezoea. Mwezi iishe tuone."

Tukarudi Kibera. Pale nyumbani Khamala alisema, "Kesho sitaenda mpaka saa mbili."

"Atakufuta."

"Anifute. Lakini mimi simpeleki tena."

Tulipata bahati kidogo. Kesho yake Muiruri alisafiri Kinangop kuzika shemeji yake, na mazishi ya kwao huchukua wiki. Nilikwenda na futi ya kitambaa nikampima Mheshimiwa. Kifua inchi themanini, shingo sijawahi kuona, na alisimama vizuri kuliko wateja wangu wote, hakuingiza tumbo ndani. Pale kibandani nilikuwa na pazia jepesi la zambarau lenye maua, lile la kuwekwa ndani ya pazia zito, ambalo mteja aliliagiza akahamia Syokimau bila kulichukua. Matundu yake yalikuwa madogo, hata vumbi lilikuwa linaomba ruhusa. Nilishona usiku wa siku mbili. Nikaweka lastiki shingoni, vifungo vinne kifuani, kifuniko cha tumbo, na mfuko mrefu wa mkia. Sikuondoa rinda la chini kwa sababu lilikuwa limeshonwa vizuri na lilikuwa lina haki ya kuonekana.

Watoto wa Kongo walijipanga kumtazama. Mheshimiwa alivaa bila ubishi. Feni ya kibanda changu tuliifunga mlangoni kwa waya, Khamala akahamisha samadi yote kwa toroli, na kwa siku sita farasi yule hakuonja hewa ya alfajiri. Siku ya tatu aliacha kugonga ukuta. Siku ya tano magamba yalianza kudondoka, na chini yake ngozi ilikuwa kavu. Siku ya sita Khamala alinivuta mkono, akanipeleka nione vinywele vyeupe shingoni, laini kama vya kidevu cha kijana wa darasa la nane. Alivigusa kwa kidole kimoja. Sijawahi kumwona amefurahi hivyo, na nilikuwepo siku Valary wetu alipozaliwa.

Siku ya saba Muiruri alirudi. Alipita bandani saa kumi na moja na nusu, akakuta farasi wake ndani, amesimama amelala, amevaa pazia la maua, anapigwa na feni kwa stima anayolipia yeye mwenyewe. Saisi hayupo.

Khamala alipofika saa mbili kasorobo alimkuta Muiruri ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, anamngoja. Yaelekea alikuwa amekaa hapo muda mrefu, maana gamubuti zilikuwa zimekauka matope.

"Mzee, angalia shingo," Khamala akamwambia. "Angalia tu shingo."

Muiruri hakuangalia shingo. Aliangalia feni, aliangalia saa yake, aliangalia rinda. "Umegeuza farasi yangu kuwa bibi harusi," akasema, "na wewe mwenyewe unalala kama bwana harusi. Enda nyumbani. Nitakuonyesha vile kazi inafanywa." Alimvua Mheshimiwa nguo kwa mikono yake, kifungo kimoja kikaruka, akamshika kamba akamwongoza kijitoni.

Khamala aliponieleza nilivaa viatu. Sikuchukua hata kibeti. Alisimama mlangoni akanizuia, na Khamala si mtu wa kunizuia. "Ukienda ukamtusi," alisema, "hatamrudisha ndani hata akiona ukweli na macho yake. Atamwacha nje kwa sababu yako." Nilikaa chini. Ilinichukua mchana mzima kupoa, na jioni bado nilikuwa nashona pindo zilizopinda.

Siku nne Khamala alikaa nyumbani. Alikuwa anaamka saa kumi bila sababu, anakaa gizani, anahesabu: sasa anamtoa, sasa amefika majini, sasa wameanza kumuuma. Nilimwambia anyamaze nilale, halafu nami nikawa naamka kabla yake kusikiliza kama ameamka. Mwezi ulikuwa umebakisha siku tano.

Huko Kawangware, kwa mujibu wa wapangaji, Muiruri alifanya kazi kwa bidii ya kutisha. Saa kumi na moja kamili alikuwa kijitoni na fimbo yake. Siku ya pili Mheshimiwa alirudia kujikuna. Siku ya tatu alitoa damu. Siku ya nne alfajiri alimvuta Muiruri kamba ikamtoka mkononi, akakimbia mpaka kwenye vyoo vya ploti na kujisugua kwenye mlango kwa nguvu zote za misimu mitano ya mbio. Mlango wa mabati uling'oka. Ndani alikuwamo Wekulo, fundi viatu wa chumba cha saba, anasoma gazeti. Wanasema Wekulo na Muiruri walitazamana kwa muda, farasi akiwa katikati yao anaendelea na shughuli zake, na Wekulo ndiye aliyesema, kwa utulivu kabisa, "Landilodi, hiyo ng'ombe yako ni mgonjwa. Wakati ilikuwa inavaa nguo haikuwa hivi."

Adhuhuri ya siku hiyo Muiruri alitokea kibandani kwangu. Sikujua kama anajua njia ya kuja Soweto East. Alikuwa ameshika mfuko wa karatasi, na mikono yake ilikuwa na michubuko ya kamba. Alitoa nguo ya zambarau akaiweka juu ya cherehani yangu.

"Kifungo ilitoka," akasema.

Niliitazama nguo. Nikamtazama yeye. Maneno yalinijia yote kwa pamoja, yakajaa mdomoni, na niliyahisi yakiniwasha hata kwenye viganja. Nilichukua sindano nikatia uzi. Uzi ulikataa kuingia mara tatu.

"Nani atamvalisha?" nikauliza.

"Yule anaijua."

"Saa ngapi?"

Muiruri aligeuka akatazama barabara, akatazama maghorofa, akakohoa. Nilimwona mtu aliyeamka na giza maisha yake yote akitafuta njia ya kuzunguka. "Saa mbili," akasema kwa sauti ya chini.

"Na mwezi ikiisha?"

"Mwezi wacha iishe tu. Hiyo sindano hakuna." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Leo niliangalia shingo. Ile nywele ilikuwa imemea, nimeimaliza mimi. Mwambie bwana yako aje."

Nilishona kifungo nikakata uzi kwa meno. Sikusema neno lingine, na mtu asinisifu, maana nusu ya sababu ni kwamba kama ningefungua mdomo ningelia mbele ya landilodi wa Kawangware.

Alfajiri iliyofuata Khamala alishtuka saa kumi kama kawaida. Aliweka miguu chini, akatafuta viatu kwa vidole. Halafu akakumbuka, akarudi akajilaza, macho juu kwenye mabati. Nilisikia pumzi yake. Nilisikia na masaisi wenzake wakipita kwenye kichochoro wakielekea uwanjani, buti zao kwenye matope, na mmoja akapiga hodi kwa ngumi ukutani akauliza, "Khamala, siku hizi umekuwa mvivu?"

Alinishika mkono chini ya blanketi akaukaza mpaka pete ikaniumiza.

"Ndiyo," akajibu. "Pitieni tu."